Makaburi Thelathini na Moja ya Goth Pirdad

Jumatatu tarehe 9 Februari 1987, saa moja na robo asubuhi, tingatinga la rangi ya njano lilikuwa limesimama upande wa kaskazini wa makaburi ya Goth Pirdad, yaani kijiji cha Pirdad. Injini ilikuwa inanguruma na sahani ya chuma ya mbele ilikuwa imeinuliwa shubiri mbili kutoka ardhini. Nyuma yake kulikuwa na pikapu mbili. Kila moja ilibeba watu sita waliojifunika mablanketi, na kwenye mikunjo ya mablanketi ilionekana midomo ya bunduki.

Aliyeyaona hayo kwanza ni Gazbibi, mjane wa miaka hamsini na minane, aliyekuwa anatoa mbuzi. Hakupiga kelele. Aliwarudisha mbuzi zizini, akafunga mlango kwa kamba, ndipo akaenda kumwamsha kaka yake.

Kaka yake alikuwa Shahdost, mkuu wa kijiji chetu. Alitoka amevaa kilemba, miguu mitupu, akaenda moja kwa moja kwa dereva wa tingatinga. Dereva alikuwa kijana wa milimani aliyeitwa Sherzaman.

"Zima mashine yako, mwanangu. Unawaamsha waliolala."

"Nikiizima haiwaki tena, mzee. Betri imekufa."

"Basi imefika mahali pake."

Sherzaman alicheka, kisha akageuka haraka kuangalia kama waliokuwa kwenye pikapu wamemwona akicheka. Walikuwa wamemwona. Katika pikapu ya kwanza, kando ya dereva, alikaa Ghulam Rasul, dalali wa viwanja. Ardhi yoyote aliyoitaka aliianza kwa kuichora mistari ya chokaa, mtaa baada ya mtaa, kabla hajaulizwa ni ya nani. Watu walimwita Chokaa, naye aliitikia.

"Shemeji!" alimwita Shahdost. "Umeamkaje?"

"Hatujaoleana."

"Bado. Siku ni ndefu."

Walinzi wake wakacheka. Shahdost alirudi nyuma hatua tano, akasimama kati ya tingatinga na kaburi la kwanza, akakaa chini kusubiri. Siku hiyo tulikuwa tunamsubiri mpimaji wa serikali, na Chokaa alikuwa anamsubiri mtu yuleyule.

Jiji la Karachi lilitufikia kwa hatua ambazo naweza kuzitajia miaka. Kabla ya 1947 tulipeleka huko nyanya na mapera kwa mkokoteni wa ngamia, tukarudi siku ya pili. Baada ya 1947 watu waliomiminika kutoka India walijaza kila uwanja kwa mahema, na bei ya nyanya ikapanda mara tatu, na sisi tukafurahi. Mwaka 1959 serikali ilianza kuwahamishia watu wa mahema Korangi, ng'ambo ya mto, na viwanda vikajipanga kando ya barabara kuu. Nyumba za zege zilitaka mchanga, na mchanga ulikuwa katika mto wetu, Malir. Malori yalianza kuja kumi kwa siku. Kufikia 1970 hakuna aliyekuwa akiyahesabu. Kisima cha Goth Pirdad kilichokuwa na maji futi ishirini chini kilifika futi tisini, kisha kikatoa matope. Mapera ya mwisho tuliyachuma mwaka 1974.

Juni 1977 mvua ilinyesha siku tatu na mto ukajaa. Sakafu yake ilikuwa imechimbwa kina cha mtu na nusu, kwa hiyo maji hayakutanda kama zamani, yalikata. Ukingo wa chini uliporomoka pamoja na zaidi ya nusu ya makaburi. Jiji lilijengwa kwa mchanga wetu, na shimo la mchanga ndilo lililowala wafu wetu. Hilo si lalamiko, ni mpangilio wa matukio.

Ilipotangazwa kwamba serikali itavipa hati ya ardhi vijiji vya kale vilivyozungukwa na jiji, tulijua jinsi tutakavyopimwa. Kijiji kisicho na karatasi huhesabiwa kwa visima vyake, miti yake na makaburi yake. Kisima kilikuwa kimekauka na mipera ilikuwa imegeuka kuni. Makaburi ya juu yaliyosalia yalikuwa thelathini na nane. Kijiji kinachodai umri wa miaka mia moja hakiwezi kuwa na wafu thelathini na nane tu, na Chokaa alikuwa amekwishapeleka barua ofisini kusema hivyo: kwamba sisi ni wavamizi wa juzi, na ardhi ni pori.

Mwezi Januari wanaume tulikutana kwa Shahdost kuamua la kufanya. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaitwa kwa sababu ya kalamu.

"Tutawarudishia mawe yao," alisema Shahdost. "Huo si uongo. Walizikwa pale chini, mto ukawabeba. Tunajenga upya juu ya pale walipokuwa."

"Bila maiti," alisema mzee Lalbakhsh, jirani yake.

"Maiti wako baharini. Unataka kwenda kuwaomba samaki?"

Tulikubaliana. Kila mtu alitaja wafu wake mmoja baada ya mwingine, nami nikaandika: jina, jina la baba, mwaka. Orodha ilifika watu thelathini na mmoja. Wote walikuwa watu wa kweli, waliozaliwa na kufa hapa. Ndipo Gazbibi, aliyekuwa anamimina chai, akaweka birika chini.

"Na mama?"

"Mama nani?" aliuliza Shahdost.

"Mama yetu. Alizikwa hatua tatu kutoka kwa baba. Baba umempa mawe. Mama umemwacha ndani ya maji?"

"Mimina chai, Gazbibi."

"Wanawake waliochukuliwa na mto ni kumi na tisa. Mimi nimewahesabu. Niliwaosha saba kati yao kwa mikono hii."

"Sikiliza, dada yangu. Orodha hii inakwenda ofisini. Karani ataisoma kwa sauti, ataipiga chapa, ataibandika ukutani pale sokoni. Unataka jina la mama yako likae ukutani ambako wavuta bangi wanakojoa?"

"Nataka awe amekufa, kaka. Mlivyoandika hapo, hakuzaliwa."

Lalbakhsh alijaribu kuwapatanisha. "Mwalimu aandike 'mama wa Shahdost'. Na mke wangu, 'mke wa Lalbakhsh'."

"Ofisi haipokei 'mke wa fulani'," nilisema. "Inataka jina."

"Basi hakuna," alisema Shahdost, na mazungumzo yakaisha.

Kwetu jina la mwanamke hubaki ndani ya ukoo. Mtu anaweza kukaa na rafiki miaka thelathini asijue mama yake aliitwa nani. Hakuna mwanamume katika chumba kile aliyeliona hilo kuwa kosa la hesabu, na mimi nikiwemo. Tulibeba mawe siku tisa. Tulijenga matuta thelathini na moja ukingoni, tukayaelekeza kibla, tukayamwagia kokoto nyeupe, na kila kaburi tukalisimikia mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni. Ndivyo lilivyo kaburi la mwanamume. La mwanamke huwa na mawe matatu.

Mpimaji alifika saa tatu kamili kwa jipu la serikali. Aliitwa Nizamuddin, mtu mwembamba mwenye miwani, aliyezunguka vijiji vya Malir kwa miaka kumi na miwili. Alikuja na karani mmoja na askari mmoja mwenye rungu. Aliziangalia pikapu, akayaangalia mablanketi.

"Bwana Ghulam Rasul, kuna baridi leo?"

"Vijana wangu wana kifua, bwana mkubwa."

"Wabaki huko huko na kifua chao. Sheria inasema nisikilize mbele ya pande zote mbili, haikusema pande zote zije na jeshi."

Hakuwafukuza. Hakuwa na nguvu ya kuwafukuza. Alianza kazi. Aliyahesabu makaburi ya juu, akapata thelathini na nane, mawe mawili kumi na tisa, mawe matatu kumi na tisa. Akashuka ukingoni. Wanaume wapatao arobaini tulimfuata kwa mbali. Wanawake walisimama nyuma ya ukuta mfupi wa shule, vichwa tu vikionekana. Alitembea mstari wote hadi mwisho, akarudi. Alichuchumaa kwenye kaburi moja, akagusa jiwe la kichwani, akasimama akipangusa vumbi mkononi.

"Thelathini na moja," alimwambia karani. Kisha akamgeukia Shahdost. "Wanaume wote."

Shahdost alirekebisha kilemba chake.

"Kule juu nusu kwa nusu. Huku chini mawe mawili, mawili, mawili, mpaka mwisho. Mzee, katika sehemu hii wanawake wenu hawafi?"

Chokaa alipiga paja. "Bwana mkubwa, ndiyo maana naitaka ardhi hii! Nitaandika kwenye tangazo: njoo na mkeo, hatakufa!"

"Nyamaza," alisema Nizamuddin. "Mzee, chagua kaburi lolote katika mstari huu, wewe mwenyewe. Tulifukue kidogo. Nikiona mfupa mmoja, nitayaandika yote."

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Shahdost aliangalia mstari mzima kama mtu anayechagua. Kisha akasema ukweli, na akausema wote: mafuriko ya 1977, ukingo ulivyoporomoka, mawe yaliyorudishwa Januari. Chokaa alitaka kuingilia na mpimaji akamwinulia mkono.

"Kwa hiyo ni matupu," alisema Nizamuddin.

"Ni matupu. Lakini watu walikuwepo."

"Naweza kuamini. Kuandika ni jambo jingine." Alimwashiria karani, naye akatoa kwenye mkoba daftari kubwa lenye jalada la kitambaa. "Hili ni daftari la duka la mgao la mwaka 1956. Sukari na unga vilitolewa kwa kichwa, kwa hiyo mwenye duka aliandika kila kichwa cha Goth Pirdad, mwanamume na mwanamke. Majina ya wanaume yanaweza kujulikana na yeyote, hata Bwana Ghulam Rasul akiuliza sokoni atayapata. Majina ya wanawake hayajulikani nje. Nitajie wanawake waliochukuliwa na mto. Yakilingana na haya, sihitaji kaburi. Nitasaini kwamba kijiji kilikuwepo."

Mwenye duka wa mwaka 1956 alikuwa mtu wetu, na wazee walimtajia majina kwa siri wakijua yatabaki kwake. Alipokufa, daftari lilichukuliwa na serikali pamoja na mizani. Hilo hatukulijua mpaka asubuhi ile.

"Njoo ofisini kwangu," alisema Shahdost kwa sauti ya chini. Hakuwa na ofisi. Alimaanisha nyumbani. "Nitakuandikia."

"Haiwezekani. Mbele ya pande zote mbili, au hayana nguvu. Wakili wa Bwana Ghulam Rasul atayatupa."

Shahdost aliwaangalia watu kumi na wawili waliokaa juu ya pikapu. Mmoja alikuwa amefunua blanketi na kuegemea bunduki yake, akitafuna mbegu za maboga na kutema maganda kwenye kaburi la karibu. Shahdost akatikisa kichwa.

"Majina ya mama zetu hayatasomwa mbele ya hawa."

"Basi naandika kwamba madai hayakuthibitishwa."

"Mahtab binti Shakar."

Sauti ilitoka ukutani. Gazbibi alikuwa ameuruka ule ukuta mfupi na alikuwa anashuka ukingoni, mkono mmoja ukishika mfuko mrefu wa mbele wa gauni lake ili asijikwae.

"Mahtab binti Shakar, mama yangu mzazi. Aliandikwa nyumba ya ukoo wa Pirdad."

Karani alipekua. "Yupo. Nyumba ya saba."

"Gazbibi, rudi," alisema Shahdost.

"Zarnaz binti Hammal, mke wa Lalbakhsh."

Mzee Lalbakhsh alifunika uso kwa kilemba chake. Karani alisema, "Yupo."

Shahdost alimfikia dada yake akampiga kofi. Tuliliona wote. Kilemba kilimlegea na mkono wake ulibaki hewani kama si wake. Gazbibi aliyumba, akashika jiwe la kaburi la baba yao lisilo na mtu, akasimama tena. Mdomo ulikuwa unavuja damu.

"Umemaliza?" alimwuliza. "Ganjatun binti Murid."

"Yupo."

"Naz Khatun binti Bijar."

Karani hakupata nafasi ya kujibu. Yule mtafuna mbegu, aliyejulikana baadaye kwa jina la Yaqub, alisimama juu ya pikapu, akaweka kiganja mdomoni kama mchuuzi wa sokoni, akaita: "Naz Khatun! We Naz Khatun! Toka nje, wateja wamefika!"

Wenzake walicheka. Chokaa hakucheka. Alisema neno ambalo sikulisikia, na kwa jinsi alivyogeuza shingo nadhani lilikuwa la kumkanya, lakini siwezi kulithibitisha.

Dadkarim, mwana pekee wa kiume wa Gazbibi, fundi magari wa miaka ishirini na sita, alikuwa karibu na pikapu ile kuliko sisi wote. Naz Khatun alikuwa bibi yake mzaa baba. Mpimaji alipotaka kaburi lifukuliwe, yeye ndiye aliyeleta sepetu, na bado alikuwa nayo. Alipanda gurudumu, akaizungusha mara moja, na ukingo wa sepetu ukamwingia Yaqub shingoni chini ya sikio. Yaqub alianguka upande wetu. Miguu yake ilinasa kwenye ukingo wa pikapu, kichwa kikaning'inia, na damu ikatoka kwa mapigo, kila pigo fupi kuliko lililotangulia.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika saba. Nani alifyatua risasi ya kwanza haijulikani. Polisi waliokota maganda ya risasi arobaini na manne, na yote yalitoka katika bunduki za upande mmoja, kwa sababu upande wetu haukuwa na bunduki. Tulikuwa na mawe. Mawe yalikuwa yamepangwa tayari mstari mzima, ya kichwani na ya miguuni, mengine uzito wa mtoto mchanga, na watu waliyang'oa walipokuwa wamelala kifudifudi wakayarusha. Nilimwona mzee Lalbakhsh, ambaye hakuweza kuinama kusali bila kushika ukuta, akiinua jiwe la kaburi la ndugu yake kwa mikono miwili na kulitupa kwenye kioo cha pikapu. Kioo kilipasuka. Risasi ilimpiga kwenye jicho la kushoto na nyuma ya kichwa chake ikafunguka. Alikaa chini taratibu, kama kawaida yake.

Wanawake waliuruka ukuta. Mtu mmoja wa Chokaa alivutwa chini kwa blanketi lake na kupigwa kwa kokoto, kwa viatu, kwa birika, mpaka meno yake ya mbele yakabaki mchangani. Aliishi. Mwingine alivunjwa mkono juu ya jiwe kama mtu anavyovunja kuni. Askari wa rungu alikuwa amejilaza chini ya jipu. Karani alipigwa risasi kwenye kiganja na hakuliachia daftari. Nizamuddin alimvuta kwa ukosi hadi nyuma ya gurudumu.

Sherzaman hakushuka kwenye tingatinga. Huenda aliogopa kulizima. Jiwe lilimpiga kwenye paji la uso naye akaangukia vishikio, na mashine ikaanza kwenda. Ilikwenda polepole, mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, ikayapitia makaburi ya mstari wa chini moja baada ya jingine. Sahani ilifunua udongo mtupu, kila mahali udongo mtupu. Watu waliuacha ugomvi ili kuipisha. Ilifika ukingoni ikapinduka, na Sherzaman alikuwa chini yake.

Shahdost alikutwa amelala juu ya dada yake. Risasi mbili zilimwingia mgongoni na moja ikatokea kifuani. Mtu anayepigwa mgongoni alikuwa ameipa bunduki kisogo, kwa hiyo alikuwa anamtazama Gazbibi. Kama alimwendea ili kumkinga au ili kumziba mdomo, hakuna aliyeona, na Gazbibi alipoulizwa na polisi alijibu, "Alikuwa mzito."

Ufyatuaji ulidumu dakika zisizozidi nne. Chokaa aliondoka kwa pikapu ya pili, kioo cha nyuma kikiwa hakipo. Kwetu walikufa Shahdost na Lalbakhsh, na walijeruhiwa tisa. Kwao walikufa Yaqub na Sherzaman, kama Sherzaman anahesabiwa wao.

Saa nne na nusu wanaume wengi walikuwa wameshakimbilia bonde la mto, kwa sababu polisi wakifika huanza kwa kukamata waliosimama. Maiti wetu wawili tuliwalaza kwenye baraza la shule. Nizamuddin aliingia darasani, akakaa kwenye kiti changu, akamfunga karani kiganja kwa kitambaa cha kufutia ubao. Daftari alilifungua yeye mwenyewe. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa damu, akazitenganisha kwa kisu cha kuchongea kalamu.

"Nimeandika manne," alimwambia Gazbibi. "Naz Khatun yupo, nyumba ya kumi na mbili. Yamebaki kumi na tano."

"Upande wa pili umeondoka," nilisema.

"Upande wa pili umeondoka kwa hiari yake. Hilo nitaliandika pia."

Gazbibi alisimama mbele ya ubao. Damu iliyokuwa kifuani mwake haikuwa yake. Alitaja majina kumi na tano, kila moja na la baba, bila kurudia na bila kukosea mpangilio wa nyumba. Kumi na tatu yalikuwemo. Mawili hayakuwemo.

"Hao wawili?"

"Walizaliwa baada ya mwaka ule. Mmoja alikuwa binti yangu."

Nizamuddin alihesabu tena kwa ncha ya kalamu. Kumi na saba kati ya kumi na tisa. Alichukua fomu, akaijaza mistari yote, akaigeuza upande wetu.

"Inataka mashahidi wawili wanaume, wazaliwa wa kijiji. Leo hii, papa hapa. Nikiondoka na fomu isiyo na mashahidi, kesho itakuwa karatasi tu."

Mashahidi waliokuwa wamepangwa walikuwa Shahdost na Lalbakhsh. Mimi niliweka saini. Nilitoka nje kumtafuta wa pili. Kijiji kilikuwa na wanawake, watoto na majeruhi wanaume wawili wasio na fahamu. Dadkarim alikuwa amechuchumaa karibu na birika la maji, ananawa mikono hadi kwenye viwiko. Vumbi la magari ya polisi lilikuwa linaonekana barabarani upande wa kiwanda cha saruji. Gazbibi alinitangulia kumfikia.

"Ondoka," alimwambia. "Pitia mtoni. Kwa wajomba zako, kule Gadap. Usisimame."

"Mwalimu anatafuta nini?"

"Hatafuti kitu. Ondoka."

"Shahidi wa pili," nilisema. Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza.

Dadkarim alijifuta mikono kwenye kanzu. "Nani mwingine yupo?"

"Hakuna."

"Mama, nikienda nani ataweka dole?"

"Watarudi jioni. Mmoja atarudi."

"Huyu bwana hatakaa mpaka jioni. Angekuwa mjinga, na si mjinga." Alimshika mama yake kichwa kwa mikono miwili iliyolowa. "Umewataja wote?"

"Wote."

"Basi usiipoteze kazi yako kwa ajili yangu."

Aliingia darasani, akatoa jina lake kamili na jina la baba yake, akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Nizamuddin alilipuliza likauke. Yeye alikuwa amemwona Dadkarim na sepetu, kama sisi sote. Aliikunja fomu, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.

Polisi waliingia saa tano na dakika kumi. Askari wa rungu aliyekuwa chini ya jipu ndiye aliyenyoosha kidole. Dadkarim hakubisha. Walimfunga mikono kwa kilemba cha mjomba wake, kwa sababu pingu zilikuwa zimeachwa kituoni.

Shahdost na Lalbakhsh walizikwa kesho yake katika makaburi ya juu, na Sherzaman akazikwa kando yao kwa sababu siku mbili zilipita na hakuna aliyekuja kumchukua. Tingatinga lilitolewa mtoni kwa minyororo tarehe 20 Februari. Kufikia mwezi Machi Chokaa alikuwa anachora mistari upande wa Surjani, pembe nyingine ya jiji.

Hati ya Goth Pirdad ilitolewa Alhamisi tarehe 2 Aprili 1987, ikitaja nyumba arobaini na mbili na eneo la makaburi. Mkuu wa kijiji hakuwepo, kwa hiyo karani mwenye kovu kiganjani alimkabidhi Gazbibi kwenye dirisha la ofisi, saa mbili na nusu asubuhi. Kutoka pale alipanda basi peke yake hadi mahabusu ya mjini. Alifika getini saa nne kasoro robo akiwa na hati mfukoni mwa gauni, akaomba kumwona Dadkarim mwana wa Sabzal. Mlinzi alisoma ubao. Alimwambia kwamba wafungwa wa kesi za mauaji walihamishiwa jela ya mji wa Hyderabad asubuhi hiyo, na gari liliondoka saa tatu na nusu.